Kitufe cha Kalas

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Hatimaye! Miezi yote hii naimba wimbo mmoja, na leo Daktari Adhieu, mkuu wetu, ameusikia. Ukurasa wetu wa damu unajengwa upya.

Ni kitu kidogo tu, ukikitazama. Kliniki zetu tatu — Gumbo, Juba Na Bari na hapa Atlabara — kila moja ina friji ya damu. Ukurasa unaonyesha friji ipi ina kundi gani, mifuko mingapi. Basi. Lakini ulijengwa kizamani: mtu wa maabara akibadilisha namba moja, ukurasa mzima unaondoka, halafu unarudi wote upya. Na kwa mtandao wa mji huu wa Juba, kati ya kuondoka na kurudi mtu anabaki akitazama weupe. Weupe mtupu! Kiduara kinazunguka. Watu wanachoka, wanaacha kuandika, na namba zinabaki za juzi.

Ya juzi nayajua mimi. Mwaka jana Kiden alizidiwa. Dada yangu ana selimundu tangu kuzaliwa, na damu yake ikianza kushuka haina breki. Amelala kliniki ya Gumbo, ukurasa ukasema O iko Juba Na Bari. Nikavuka daraja — hakuna, ilikwisha juzi yake. Nikakimbilia Atlabara, nikapata, nikavuka tena kurudi. Alipona, Mungu mkubwa. Siku ile yeye anaiita "Goretti kutembelea daraja". Anacheka! Mimi bado sijaweza kuicheka.

Kwa hiyo tunataka ukurasa unaobadilisha kile kipande kilichobadilika tu, mengine yakae palepale. Kwa chombo gani? Hapo ndipo penye vita. Mohamedamin, mwenzangu mezani, Msomali wa Eastleigh ambaye mambo ya kompyuta anayajua kama ndugu zake wanavyojua mchele, anataka React. Anasema simu yenyewe ichore kila kitu, seva ilete namba tu. Mimi nataka htmx, kadude kadogo. Seva inaleta kipande cha ukurasa kikiwa kimeshapikwa, kazi ya simu ni kupakua.

Akaniambia narudi nyuma. Nikamwambia nyuma ndiko zilikobaki simu za watu wetu. Kidogo tuvunjiane heshima. Daktari Adhieu akatukatiza: hayo majina yenu siyajui, kila mtu ajenge cha kwake, kisha mpeleke kwa Cirillo wa maabara ya Juba Na Bari, maana simu yake ndiyo mbaya kuliko zote. Kitakachofunguka kwake ndicho.

Hakimu ni simu ya Cirillo. Nimekubali haraka, kabla Daktari hajabadili mawazo.

Jumatano, 8 Oktoba

Changu tayari. Cha Mohamedamin bado, lakini nimechungulia. Na kwa kuwa hapa hasomi mtu, nitasema kweli — kinapendeza. Namba zinateleza kwenye kioo, rangi zinabadilika taratibu. Changu kimekaa kama tangazo la msiba kanisani.

Anadai mambo mawili, ashinde nani ashindwe nani. Kwanza, kila mstari uonyeshe umeandikwa lini, na mtandao ukikatika mstari ugeuke kijivu. Ukurasa usiopepesa, anasema, unaonekana mzima hata ukiwa maiti. Pili, kila mstari uwe na nafasi ndogo pembeni ya kuandika neno.

La kwanza nimelikubali bila kubisha. La pili nimelikataa. Watu wetu ukiwapa nafasi ya maneno watakuandikia salamu za ukoo mzima! Tumebishana. Akaagiza chai na maandazi. Nimelikubali la pili vilevile.

Jumamosi, 11 Oktoba

Siku ya hukumu.

Maabara ya Juba Na Bari iko karibu na mto, na mtandao pale huja na kuondoka upendavyo. Cirillo ni mtu mzima, mpole, alisomea kazi yake Uganda enzi za ukimbizi, na sote tunamwita Ustaz. Simu yake ina ufa kutoka kona mpaka kona. Akatukalisha kwenye benchi kama wagonjwa.

Tukaanza na cha Mohamedamin. Ustaz akabonyeza. Weupe. Tukangoja. Akainuka, akaosha vioo vyake vya darubini, akavianika, akarudi. Weupe. Mohamedamin anatazama dari. Mwishowe kikafunguka — na kilipofunguka, kitamu! Kila akigusa, kinaitika.

"Hii iko mzuri," Ustaz akasema, "lakini kufika yake ni kama safari ya Nimule wakati ya mvua."

Mohamedamin mwenyewe akacheka. Mzigo wa kwanza ndio mkubwa, akaninong'oneza, kana kwamba sijui. Simu inabebeshwa jiko zima kabla ya sahani ya kwanza.

Kisha changu. Kikafunguka Ustaz hajaketi vizuri! Nilitaka kupiga vigelegele. Akaanza kuandika namba kwenye kisanduku cha O — ikatoweka. Akaandika tena. Ikatoweka tena. Akaniangalia juu ya miwani.

"Ukti, dada yangu, hii ukurasa yako nakula namba."

Lo! Nilitamani ardhi ipasuke. Kosa nililijua palepale. Nimeuambia ukurasa uulize seva kila baada ya muda mfupi kama kuna jipya, na jipya likija linafuta mstari mzima pamoja na kisanduku ambacho mtu bado anaandikia. Yaani nampokonya mtu sahani, tonge liko mkononi. Mohamedamin hakunicheka mbele ya Ustaz. Alingoja tutoke nje, ndipo akacheka mpaka akashika ukuta.

Lakini akasema mwenyewe, bila kubanwa: "Yako ni kasoro, unarekebisha jioni moja. Yangu ni uzito, na uzito siwezi kuutoa wote. Twende na yako, dada. Lakini ile kijivu yangu usiguse."

Hivyo tu! Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi wa wiki nzima, hotuba nimeshaitunga, ina vipengele. Hotuba imebaki tumboni. Nimetembea mpaka nyumbani nikiwa mwepesi kama mtu aliyetua kuni.

Jumapili, 12 Oktoba

Misa, kisha Gumbo kwa Kiden.

Kibanda chake kiko kando ya barabara ya Nimule: sukari, sabuni, majani ya chai, betri. Tukiwa wawili tunasema Kibari, lakini akitaka kunichokoza hutoa Kiswahili chake cha madereva wa malori ya Uganda. Mimi nilikulia Kitale kwa mjomba, yeye Adjumani kwa shangazi, na hajawahi kunisamehe ngeli zangu.

Nimekaa juu ya kreti nikamsimulia yote: simu ya Ustaz, kisanduku kinachokula namba. Wateja wanapita, wanauliza bila kusimama. Sukar fi? Fi. Sabun fi? Mafi, bukra. Ipo, haipo, njoo kesho, basi. Yeye anajibu bila kugeuza shingo, masikio yako kwangu.

"Mimi nataka kitu moja," akasema nilipomaliza. "Ikisema damu iko, iwe iko. Ikisema hakuna, iwe hakuna. Hiyo ingine yote ni yenu, wewe na Msomali yako."

Nikamwambia si Msomali wangu, ana mke na watoto Nairobi. Akasema hata mchele si yake lakini anakula.

Nimemtazama macho kwa wizi. Meupe, safi, hayana umanjano. Huwa natazama hivyo kila nikija, na huwa ananikamata.

"Umemaliza kupima?"

Nimemaliza. Niko radhi.

Alhamisi, 16 Oktoba

Ukurasa umeingia kazini leo! Kliniki zote tatu. Kisanduku hakili tena — mtu akiwa anaandika, ukurasa unamngoja. Hakuna weupe. Hata kitufe cha kutuma nimekiondoa, hakina kazi tena. Unaandika namba, unatoka kwenye kisanduku, imeshajihifadhi yenyewe, kimya kimya.

Nimebakiza kitufe kimoja kwa kila kundi la damu: Kalas. Damu ikiisha unakibonyeza, namba inakuwa sifuri, biashara imekwisha. Nimetumia Kiarabu chetu cha Juba makusudi, asikwame mtu. Daktari Adhieu kasifu. Mohamedamin kasifu. Mimi mwenyewe nimejisifu zaidi ya wote wawili.

Ijumaa, 17 Oktoba

Sasa nacheka, lakini siku haikuanza hivyo.

Asubuhi nimefungua ukurasa nijifurahishe. Juba Na Bari, A: kalas. Nikakunja uso. Palepale, nikitazama, B ikageuka: kalas. Halafu O: kalas. Moja baada ya nyingine, taratibu, ukurasa haupepesi hata kidogo. Kazi safi! Ingekuwa habari nyingine ningejipigia makofi.

Daktari Adhieu ameiona pia. Akaja mbio kutoka chumbani kwake. Friji nzima imekwenda wapi tangu jana? Kuna ajali? Akaanza kuwapigia wachangiaji damu wake, mmoja mmoja, waje leo. Ustaz anapigiwa, hapokei. Mohamedamin anasugua kidevu, anasema seva haina kosa, imeambiwa kalas na mtu.

Na hapo Kiden akapiga.

"Ukurasa yako nasema dom kalas, damu imeisha, kule Juba Na Bari. Ni kweli?"

Nikasema tunaangalia. Hakunichokoza, na huyo ni Kiden!

"Basi sawa," akasema. "Ni mgongo tu. Nauma tangu usiku."

Nikatoka mbio kutafuta boda. Kwake mgongo ndio mlango, maumivu huingilia hapo siku zote.

Sikumbuki boda ilipita njia gani mpaka maabara ya Juba Na Bari. Nimemkuta Ustaz ameketi anakunywa chai, uso wa mtu asiyedaiwa na yeyote.

"Ustaz, damu imekwenda wapi?"

"Damu gani?"

Akafungua friji. Imejaa! Mifuko imelala kwa mpangilio, kundi kwa kundi, kama alivyoipanga jana. Nikakaa chini. Sakafuni kabisa, na gauni la kazini.

Akanionyesha alivyofanya. Aliandika namba ya A. Ukurasa haukufanya kitu — ulihifadhi kimya kimya, kama nilivyoutengeneza na kujisifu. Yeye akangoja weupe wake aliouzoea. Haukuja. Akatafuta pa kusema amemaliza, na kitufe kiko kimoja tu.

"Nimeandika, nimemaliza, nimefinya kalas," akasema. "Si wewe umeweka?"

Mimi nimeweka! Damu ikiisha, kalas. Mtu akimaliza kazi, kalas. Ugomvi ukiisha, kalas, ukikata simu, kalas, ukishiba, kalas. Mji mzima unaishi kwa neno hilo, na mimi nimelibandika kwenye kitufe nikidhani lina maana moja tu, ile yangu. Na ile sifuri alipoiona? Alidhani ni kazi iliyobaki: sifuri. Basi nikacheka mpaka machozi. Mwanzoni aliona haya, maskini, akavua miwani akaifuta. Kisha akacheka naye, akanimiminia chai.

Nikiwa pale sakafuni nimeelewa jambo. Ule weupe nilioutukana miezi yote, watu walikuwa wanausikiliza. Uliwaambia: nimesikia, ngoja. Mimi nimeuondoa na sikuweka jibu mahali pake. Mtu anasema na ukurasa wangu, ukurasa unamkazia macho tu.

Tumerudisha namba. Nikampigia Kiden, damu ipo, imejaa tele! Akasema na mgongo umetulia. Kumbe jana aliinua gunia la sukari peke yake, hakutaka kuniambia. Nimemgombeza barabarani kwa sauti, watu wanageuka, na moyoni nilikuwa nacheza ngoma. Gunia! Gunia tu!

Jumamosi, 18 Oktoba

Kalas imekwisha kazi. Nimeifuta kwa mkono wangu.

Tuweke neno gani? Mohamedamin alitaka "Hifadhi". Nikamwuliza ni lini amemsikia mtu wa Juba akisema hifadhi. Akataka "Sawa". Sawa nini — sawa ipo au sawa imeisha? Tukarudi kwenye shimo lilelile. Tumetupa maneno kama saa nzima, mengine ya kuchekesha, mengine ya matusi.

Halafu nikakumbuka kreti ya Kiden na wale wapita njia. Sukar fi? Sabun fi? Hakuna aliyekosea pale, wala hakuna aliyesimama kueleza. Nikaandika kubwa kwenye karatasi: FI. MAFI. Nikamgeuzia Mohamedamin.

"Manze," akasema. "Hata mimi naelewa."

Basi kila kundi sasa ni fi au mafi. Ikiwa fi, na namba ya mifuko. Na mtu akimaliza kuandika, pembeni ya kisanduku kinatokea kineno cha kijani: tamam, yaani safi. Kinakaa kidogo, kinaondoka. Ndilo jibu. Ni kipande kidogo sana ambacho seva inakirudisha, mstari mmoja wa kazi, na ningekiweka tangu mwanzo tusingewaita wachangiaji damu wa watu kutoka makazini kwao.

Tumempelekea Ustaz. Ameandika namba, ametulia, tamam ikatokea. Akaniangalia, akatabasamu na jino lake la dhahabu.

"Sasa inaitika," akasema. Akaandika tena namba ileile ili aione tena.

Jumatano, 22 Oktoba

Hakuna la kuandika, na hilo ndilo la kuandika. Siku nne hakuna aliyenipigia kuhusu ukurasa. Wameusahau. Wanautumia tu, kama mlango.

Isipokuwa zile nafasi za maneno. Nilisema mimi! Leo pembeni ya AB ya Juba Na Bari, Ustaz kaandika "salam kwa wote". Mohamedamin kanionyesha kwa fahari, kana kwamba ni mtoto wake kaanza kutembea.

Mvua nyingi. Kiden kwenye simu sauti yake ndogo. Anasema ni baridi. "Mimi iko sawa, we mtoto, fanya kazi yako." Kesho nitavuka nimwone.

Alhamisi, 23 Oktoba

Niko kliniki ya Gumbo, kando ya kitanda cha Kiden. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Jirani yake alinipigia asubuhi. Safari hii si gunia. Macho manjano, midomo mikavu, mgongo na miguu vinamuuma hata shuka likigusa. Wamempa dawa ya maumivu, wamemtundikia maji. Daktari wa zamu hakuzunguka: damu imeshuka sana, anahitaji mfuko leo, miwili ikipatikana.

Nimefungua ukurasa. Gumbo, O: mafi. Atlabara, O: mafi. Juba Na Bari — kijivu.

Kijivu! Mvua imepiga tangu alfajiri, mtandao wa kule mtoni umekatika. Chini ya kijivu imeandikwa O fi, miwili, jana jioni. Ukurasa wa zamani ungesema fi tu, na mimi ningeshatoka mbio. Huu unasema jana nilijua, leo sijui. Nimemtukana Mohamedamin kwa kijivu chake, kisha nimemshukuru, yote kimoyomoyo. Ustaz hapatikani. Nimemwandikia Mohamedamin, yuko Atlabara, upande uleule wa mto na maabara. Kajibu: naangalia pamoja nawe, mvua ikilegea kidogo naenda mwenyewe.

Kiden anasinzia na kuamka. Akiamka anauliza kama kibanda kimefungwa. Nimesema kimefungwa. Anauliza na betri? Na betri.

Naogopa. Acha niliandike hivyo hivyo. Naogopa sana.

—

Sijagusa kitu! Simu ilikuwa juu ya shuka, mimi nampangusa uso, na kwa pembe ya jicho nikaona rangi. Mstari wa Juba Na Bari umerudi. Haukupepesa, haukuondoka. O: fi. Miwili. Sasa hivi.

Sasa hivi! Yaani Ustaz yuko hai, mtandao uko hai, friji iko hai. Nimelia. Muuguzi akadhani kuna msiba, nikamwonyesha simu, akanipiga begani.

Kabla sijaandika neno, Mohamedamin ameshatuma: Nimeiona. Niko kwa boda. Kalas.

Lile neno! Leo nimelielewa bila kuuliza.

—

Bado. Simu ya Mohamedamin inaita bila kupokelewa. Atapokeaje juu ya boda, mvua hii? Darajani malori yamejipanga, wanasema waliovuka. Nafuta kioo cha simu kwa gauni, nakitazama tena.

—

O: mafi.

Imegeuka nikitazama. Juba Na Bari, O, ilikuwa fi, sasa mafi. Miwili yote. Pembeni tupu.

Nani kachukua? Kule kuna wodi ya wazazi. Anaweza kuwa mama yeyote, na yeye ana haki yake pia, Mungu anisamehe ninavyofikiri. Nimebaki na simu mkononi. Hakuna pa kubonyeza. Ukurasa mzuri, nimeujenga mimi, hauna pa kubonyeza.

Halafu ile nafasi ya pembeni, niliyoikataa mpaka nikanunuliwa kwa maandazi. Ustaz huandika kwa kidole kimoja, polepole, na neno halitokei mpaka amalize. Limetokea. Neno moja.

Gumbo.

Ee Mungu wangu. Mafi — Gumbo. Haipo kule kwa sababu inakuja huku! Sijawahi kulipenda neno mafi maishani mwangu. Nimelisoma mara nyingi nisizoweza kuhesabu.

Kiden amefungua jicho moja.

"Dom fi?"

Nimemgeuzia simu asome mwenyewe. Kasoma mafi. Kisha akafika kwenye neno la pembeni. Midomo ikasogea kidogo, kile kitabasamu chake cha kunichokoza, ingawa hana nguvu ya kukimaliza.

"Pale kwa mlango iko maji," akasema. "Pangusa. Huyu Msomali ya watu ataanguka na damu yangu."

Kweli, mvua imeingia, sakafu inateleza. Tambara liko wapi?